Oili Niliyomsingizia Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alihudumia mashine katika kiwanda cha nguo Thika kwa miaka mingi. Alipostaafu akafungua gereji ndogo kando ya nyumba yake, Gitothua. Pikapu yangu ya dizeli ilipoanza kugonga, nilimpelekea.

"Dizeli ya siku hizi ni kavu," aliniambia. "Tia oili ya tu-stroki, ile ya pikipiki za zamani. Robo lita kwa lita hamsini. Itailainisha pampu."

Nilitia. Injini ikatulia, nikamsifu kila mahali. Miezi miwili baadaye, nikiwa na shehena ya nyanya za kupeleka Githurai, gari likazima njiani na halikuwaka tena. Nyanya ziliozea juani.

Nilipanda boda hadi Gitothua. Wateja wake watatu walikuwa wameketi kwenye benchi. Sikumsalimu.

"Mzee, umeniulia gari! Wewe ulizoea mashine za kufuma nguo, magari unayajulia wapi? Na nyinyi mnaomletea magari yenu, mtajuta."

"Kijana wangu, hebu tulivute hapa, tulifungue kwanza..."

"Usiguse kitu changu tena!"

Mteja mmoja alicheka. Mwingine alichukua ufunguo wake akaenda zake. Mzee alibaki ameshika spana, mdomo wazi. Nilifurahi kumwona hivyo. Hilo siwezi kulificha.

Fundi wa pampu kule Thika aliifungua mbele yangu. Ndani ilikuwa kutu tupu.

"Haya ni maji. Dizeli unanunua wapi?"

"Stesheni," nilidanganya. Nilikuwa nikinunua ya mitungi, nyuma ya soko la Githurai, kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi.

"Je, oili ya tu-stroki?" nilimuuliza.

"Hiyo haina makosa. Pengine ndiyo iliyochelewesha pampu kuharibika."

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu, "Fundi amesema ni ile oili ya babako." Habari zikaenea Gitothua, wateja wakapungua, hatimaye mzee akaanza kuuza vyombo vyake. Siku aliyouza jeki, mke wangu alilia jikoni hadi nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza yote.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu pampu ilipofunguliwa."

Alivaa viatu, akanipeleka kwa babake saa hiyo hiyo. Nilimweleza mzee nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kiti.

"Mimi umeniambia," alisema. "Sasa kawaambie wale ulionitukana mbele yao."

Wawili kati yao walikuwa ng'ambo ya barabara, wakinywa chai kibandani. Niliwatazama. Nikasema nitarudi kesho, kwamba nina mzigo unaningoja Thika. Hakukuwa na mzigo wowote.

Sikurudi. Gereji sasa ni duka la mboga. Mke wangu huenda kumwona babake peke yake, na akirudi hunipa chakula bila kuniambia mzee anaendeleaje.