Nyumba Ambayo Baba Hakuingia

Nilioa mdokozi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka kulizungusha jambo hili mdomoni, na kwa sababu yeye mwenyewe, akinisikia kutoka huko jikoni, atasema tu, "Sema baba watoto, si ni kweli?" Kwa mengine yote alikuwa mke wa kuringia. Chai yetu ilichumwa kwa wakati, watoto walioga, na kanisani akina mama wakikosa wa kuanzisha wimbo walimtazama yeye. Lakini mwache peke yake mbele ya kaunta ya duka, mkono wake ulifanya mambo yake wenyewe.

Hakuiba kwa njaa, na hilo ndilo lililonimaliza. Miaka hiyo nilifanya kazi kiwandani Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, na kila mwisho wa mwezi nilirudi kwetu Ekerenyo na sukari, sabuni na pesa za matumizi. Alichokitaka niliweza kukinunua. Yeye akaiba vitu visivyo na kichwa wala miguu: zipu bila nguo ya kuishonea, kopo la poda, kijiko kimoja. Mara ya kwanza alipokamatwa, katika duka moja mjini Kisii, alikuwa amefunika shimizi kwa shali ya mtoto. Nilimuuliza shimizi ilikuwa ya nini, na nilizomnunulia hazijachakaa. Akasema hajui. Nikamuuliza tena kwa ukali, nikimwambia asinifanye mjinga.

"Baba watoto," akasema, "ningejua ningekwambia."

Kesi ile ilituzungusha. Leo shahidi hayupo, siku nyingine hakimu ni mgonjwa, siku nyingine faili haionekani. Kila mara mimi naomba ruhusa kazini, tunatoka Ekerenyo alfajiri na mtoto mgongoni, tunashinda kwenye benchi la korti, tunarudi na vumbi. Mwishowe hakimu akampa probesheni ya mwaka mmoja. Maana yake alielezwa mbele yetu sote: hatafungwa, atakaa nyumbani, ataripoti kwa afisa kila mwezi, na akiiba tena katika muda huo atajibu la zamani na jipya pamoja. Tukashukuru. Nilimnunulia mandazi pale karibu na stendi ya basi, tukala.

Afisa wa probesheni alikuwa kijana mpole, mgeni kutoka mbali, na mara mojamoja alikuja kututembelea. Mke wangu alimkaribisha ndani, akampa chai na ndizi za kuchemsha. Lililomshangaza ni baba yangu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa tangu ujana, na mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo chakula chake kilitoka kwa mke wangu. Lakini baba hakuingia nyumba yetu. Kwetu Kisii baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala haoni kitanda cha mkaza mwana wake. Tunaiita ensoni, ni aibu na heshima kwa pamoja, na akiivunja mzee anakuwa amejivua nguo mbele ya watoto wake. Baba alipokuja alisimama uani, akakohoa, akauliza, "Mko wazima?" Mke wangu akajibu kutoka ndani, "Tuko wazima, baba." Kisha akatoa kigoda, akakiweka chini ya mparachichi, akamletea chakula hapo, naye akala akiwa ametazama barabara. Mvua ikinyesha alikwenda kula kwake.

Afisa alinong'ona akaniuliza kama wamekosana. Nikacheka. Nilimwambia hapa hakuna watu wanaopatana kama hao wawili.

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi nikafika nyumbani jioni, nikakuta mlango umefungwa na jiko limepoa. Baba alikuwa amesimama uani amevaa koti. Alikuwa ameshawapeleka watoto wetu wawili wakubwa kwake na kuwapa maji ya kuoga kabla ya Sabato kuingia.

"Mama watoto amelala mjini, kwa serikali," akaniambia. "Na mtoto mdogo yuko naye."

Mfuko wa sukari nikauweka chini. Ilikuwa taulo safari hii. Taulo ya njano, dukani Kisii, alipokuwa ametoka kumchanja mtoto hospitali. Baba alienda kuomba na watoto, nami nikabaki pale uani nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Jumamosi baba hakusafiri, nikaenda peke yangu. Pale kituo cha polisi askari aliniruhusu niongee na mke wangu kidogo mlangoni. Alikuwa amechoka, kitambaa cha kichwa kimelegea, mtoto ananyonya. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yeye akanitangulia.

"Mwaka si umekwisha?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Umekwisha, sivyo? Tangu wanishike mwaka umepita."

Nikahesabu naye. Kweli ulikuwa umepita. Tulihesabu tangu siku aliyokamatwa, kwa sababu kwetu hiyo ndiyo siku jambo lilipoanza, ndiyo siku watu wa Ekerenyo walipoanza kutuangalia vibaya sokoni. Askari alikuwa akitusikiliza. Akasema hiyo ni hesabu ya nyumbani. Korti huhesabu tangu siku ya hukumu.

Jumatatu afisa wa probesheni akathibitisha hivyo hivyo. Ile miezi yote ya kuahirishwa, tuliyoona ndiyo adhabu yenyewe, haikuwa kitu mbele ya korti. Mwaka ulikuwa umebakiza kidogo. Nilimwambia afisa huo ni wizi mwingine, kwamba mtu ateswe kwenye benchi halafu aambiwe bado hajaanza. Hakukasirika. Alifunga dirisha la ofisi yake, akakaa.

"Hakimu atamfunga," akasema. "Lakini naweza kumwomba amwongezee probesheni, kwa sharti moja. Apatikane mtu mzima wa hapo nyumbani atakayeingia katika nyumba hiyo kila wiki na kukagua. Sanduku, kabati, chini ya kitanda. Akiona kitu kigeni, aniletee habari."

"Mimi nitakagua."

"Wewe uko Kericho. Na polisi walipokuja mara ya kwanza walikuta vijiko ambavyo kila kimoja kina ukoo wake. Ulikuwa ukikoroga chai kwa vijiko hivyo. Uliwahi kuuliza?"

Nilitaja jirani, akasema majirani hufichiana. Kaka yangu na mkewe walikuwa Nakuru. Akauliza, "Na yule mzee?" Nikamweleza ensoni kwa urefu, kwa Kiswahili changu cha kiwandani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona haimwingii. Alisema mzee ataingia tu, atatazama, atatoka, si mtu mbaya anayekwenda kufanya ubaya. Kwake ilikuwa ni mlango tu.

Nilimkuta baba kwenye chai. Nikaingia mstari wa pili nikaanza kuchuma naye, kwa sababu sikuweza kumwambia jambo lile nikiwa nimemtazama usoni. Nikamwambia yote: jela, mtoto anayenyonya, sharti la afisa. Nilipotaja kitanda nilikitaja kwa kuzunguka, nikasema "pale wanapolala." Baba aliendelea kuchuma. Alifika mwisho wa mstari, akamimina majani kwenye kikapu, akayasukuma chini kwa kiganja.

"Jela atakula nini?" akauliza.

"Ugali na maharage, nasikia."

"Na mtoto?"

"Ataingia naye."

Akachukua kikapu chake. "Basi nitaingia mimi," akasema. "Waambie nitaingia."

Nilimwomba afikiri kwanza. Nilimkumbusha kuwa ni mzee wa kanisa, kuwa wazee wenzake wakisikia hawatakula naye tena sahani moja. Akaniambia nisimfundishe desturi, yeye ndiye aliyenifundisha. Usiku huo hakuja kula. Nilimpelekea, akanirudishia sahani kama ilivyokuwa.

Siku ya kesi akavaa koti lake la Sabato, ingawa ilikuwa Jumatano. Mke wangu alisimama kizimbani na mtoto kifuani. Hakuwa amezijua habari za sharti lile. Sikupata nafasi ya kumwambia, na nadhani hata ningeipata ningeogopa. Akakubali kosa. Taulo ya njano ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri kana kwamba bado inauzwa. Afisa akasimama akaeleza ombi lake, kisha baba akaitwa mbele.

"Mzee," hakimu akamwambia, "umewahi kuingia katika nyumba ya mwanamke huyu?"

"Hapana."

"Hata mara moja? Si mnakaa boma moja?"

"Boma moja."

"Kwa nini hujaingia?"

"Ni nyumba ya mwanangu," baba akasema.

Hakimu akangoja jibu liendelee. Halikuendelea. Watu wa kwetu waliokuwa kwenye mabenchi wakainamisha vichwa, na wawili watatu wakatoka nje, kwa sababu walishaona mazungumzo yanakoelekea. Hakimu akauliza kama kuanzia sasa ataingia kila wiki, akague kila kitu pamoja na chini ya kitanda. Baba akashika ukingo wa ile meza ya mashahidi.

"Nitaingia," akasema.

Hapo mke wangu akanyoosha mkono, mkono uleule.

"Naomba kusema, mheshimiwa. Baba asiingie. Nifunge."

Karani akamwambia anyamaze. Hakimu akamzuia karani. "Mama, unanyonyesha. Unajua jela ni nini?"

"Sijui. Lakini nyumba yangu naijua. Akiingia huko, mimi na yeye hatutaweza kuishi tena. Aliyeiba ni mimi. Yeye amekosa nini?"

"Anataka kukusaidia."

"Najua anataka. Ndiyo maana nasema nifunge."

Hakimu alimpa miezi sita. Alipokuwa akipelekwa alipita karibu nami, akaniambia watoto wasikose dawa ya minyoo. Hakumtazama baba, na baba hakumtazama, na nilielewa kuwa huko kutotazamana ndiko kushukuriana kwao.

Lazima niseme ukweli, nilikasirika. Sikumkasirikia hakimu wala afisa. Nilimkasirikia yeye. Nilikuwa nimemwomba aache, nikamwomba kwa upole, nikamwomba kwa ukali, nikamwomba kwa jina la watoto, asiweze kuniachia kijiko kimoja cha dukani. Kwa ajili ya baba aliachia nusu mwaka. Kwenye basi la kurudi nilikaa kando ya baba nikiwa na wivu wa ajabu, mtu mzima mwenye watoto watatu, na nilichoka kiasi kwamba hata wivu wenyewe niliuona mzito kuubeba.

Miezi ile nilibaki Kericho, nikirudi kila nilipoweza. Watoto walikaa kwa baba. Nyumba yetu nilikuwa nimeifunga, ufunguo niliuacha kwake, na majirani waliniambia kwamba kila jioni alikwenda akasimama uani kuangalia kama mlango uko salama. Alisimama, kwa sababu kigoda kilikuwa kimefungiwa ndani. Nikamwambia, "Baba, nyumba haina mtu, ufunguo unao. Fungua tu uchukue kigoda." Akaniangalia kama mtu anayemwonea mwingine huruma. Akasema miguu yake haijachoka.

Mke wangu alirudi wakati wa mahindi mabichi. Nilimfuata mjini, tukapanda basi, mtoto ameshajifunza kusimama. Alikuwa amekonda, viganja vimekuwa vigumu. Tulipopita maduka yale aliyatazama na mimi nikamtazama yeye. Kama aliwahi kuiba tena maishani, sikusikia, na sikutafuta. Zipo nyumba zinazokaguliwa, na sikutaka yangu iwe mojawapo.

Nilifungua mlango, akaingia, akaanza kufagia kabla hata ya kuvua viatu. Mimi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikiangalia vumbi likitoka. Jioni ikaingia. Tukasikia mtu akikohoa uani.

"Mko wazima?"

Mke wangu akasimamisha ufagio. Nikataka kumjibia.

"Tuko wazima, baba," akasema.

Akakipangusa kigoda kwa ncha ya kanga yake, akatoka nacho, akakiweka chini ya mparachichi pale pale kilipokuwa kikiwekwa. Baba akakaa, akatazama barabara, akangoja chakula. Mimi nikajilaza kitandani na viatu miguuni, na hakuna aliyeniuliza neno.