Mteremko wa Musaga

Wenzangu wengi wanasema vita viliwaharibu kwa mlio wa risasi. Mimi risasi nilizizoea kama mvua juu ya mabati. Kinachonisimamisha hadi leo ni gari linaloteremka injini ikiwa imezimwa. Matairi peke yake juu ya lami, upepo, vyuma vikilia kidogo kwenye shimo, na hakuna kinachonguruma. Nikisikia hivyo nasimama popote nilipo, hata na sufuria la moto mkononi, nasubiri kisha najikaripia. Halafu nasubiri tena.

Tulikuwa tunaishi Musaga, mtaa wa kule juu ya mji, mimi, mume wangu na binti yetu aliyekuwa hajafikisha miaka miwili. Mume wangu alikuwa anaendesha teksi, gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, kuukuu, la esansi, yaani petroli. Mimi nilimwambia nunua la mazutu, la dizeli. Nilikuwa nimesoma sekondari mpaka mwisho na nilijiona najua. Nilimwambia mazutu inakwenda mbali zaidi kwa lita ileile. Yeye akasema gari la mazutu linapiga kelele kama mashine ya kusaga, abiria wa Kinindo, mtaa wa wenye pesa, hawapandi kitu kinachowatia moshi kwenye mashati. Alipenda gari lisilo na kelele. Ndilo alilonunua.

Hatukukaa nalo sana, nchi za jirani zikatufungia mipaka. Pampu za vituo zikafungwa minyororo. Mwenye karatasi ya wakubwa alipata, sisi wengine tulinunua kwenye chupa, kando ya barabara Nyakabiga, esansi iliyopita njia ambazo hakuna aliyeuliza. Kila chupa ilikuwa na mafuta ya taa ndani. Swali lilikuwa kiasi gani tu.

Na binti yetu alikuwa na pumu. Siyo kikohozi, siyo mafua, pumu yenyewe. Kifua kikifunga, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi ya zambarau, na hakuna mvuke wala majani wala maombi yaliyosaidia. Kilichosaidia ni oksijeni, na oksijeni ilikuwa hospitali ya mjini, ng'ambo ya daraja. Kwa hiyo tulikuwa na sheria moja ndani ya nyumba. Mshale wa tangi ukifika robo, kazi inaisha, gari linalala. Ile robo ilikuwa ya mtoto. Hata tukilala na uji mtupu, robo haiguswi.

Ndiyo maana nilianza kujua mambo ya esansi kuliko wanaume wa mtaani. Siku moja nilimfuata mume wangu kwa fundi wake, Buyenzi, Mwislamu mmoja mnene mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Nikamuuliza gari linakula wapi.

"Linakula kwa bwana yako," akasema. "Mguu wake muzito. Ananyanga kama anaua nyoka."

"Mi?" mume wangu akasema.

"We. Angalia kiatu, upande wa kuume kimekwisha, wa kushoto kipya."

Nikacheka, mume wangu hakucheka. Fundi akaniambia yote, na niliyaandika kwenye daftari langu la zamani la kemia, upande uliobaki mtupu. Matairi yajazwe upepo kila juma, tairi laini linavuta gari nyuma. Kile chuma cha mizigo juu ya paa kitolewe, kinapigana na upepo bure. Kichujio cha hewa kipigwe vumbi. Usikae unapasha injini moto asubuhi, washa, ondoka polepole. Ukiona watu mbele, ondoa mguu mapema, usikimbilie kufika mahali pa kusimama. Esansi ya chupa, dondosha tone kwenye karatasi, iache juani. Ikiondoka yote ni safi, ikibakisha doa la mafuta, umeuziwa taa. Nilichana kurasa tupu za daftari lile moja moja kwa kupimia. Wauza chupa wa Nyakabiga wakaniita Madamu Karatasi, wakiniona nakuja wanaambiana kwa sauti, "Ficha ile mubaya, mwalimu amefika."

Halafu nikauliza habari ya mteremko.

Pale Musaga kila dereva alifanya hivyo miaka ile. Ukishafika barabara inapoanza kushuka kwenda mjini, unazima ufunguo, unaweka gia huru, gari linakwenda lenyewe. Hata mabasi madogo yaliyojaa watu yalishuka hivyo asubuhi, kimya, abiria wakisikia mazungumzo ya kila mtu. Chini, kabla ya daraja, kulikuwa na bariyeri ya wanajeshi. Desturi ya madereva ilikuwa unawasha tena kwa klachi kabla hujaonekana, ili askari wakusikie unakuja, wakujue ni mtu wa kawaida. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali. Kila mtu aliijua.

Fundi hakuipenda. Alifuta mikono, akaongea na mume wangu, siyo na mimi.

"Breki ya gari hii inatumia pumzi ya injini. Ukizima, inakubakishia mara mbili, mara tatu. Baada ya hapo ni jiwe. Utanyanga mpaka mufupa utoke, haisimami."

"Tunazimaga kila siku," nikasema.

"Na kila siku munafika. Alhamdulillahi. Mi nimesema."

Niliandika na hilo. Lipo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, chini ya habari ya matairi. Sikuweza kusema baadaye kwamba sikuambiwa.

Asubuhi ile kulikuwa kumepigwa risasi milimani usiku kucha. Kulipopambazuka nilimshika mtoto nikakuta mbavu zinaingia ndani. Hakuwa analia, hakuwa na hewa ya kulilia. Saa ya amri ya kutotoka nje ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Mume wangu akawasha gari, nikakaa nyuma na mtoto mapajani, ameinama mbele kama nilivyofundishwa. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna basi, hakuna baiskeli ya ndizi, hata mbwa. Mshale ulikuwa kwenye robo kamili.

Tulipofika juu ya mteremko, mume wangu hakushika ufunguo.

"Zima," nikamwambia.

"Leo apana. Leo tunakimbia."

"Inashuka yenyewe, unakimbia na nini? Zima."

"Mama, mutoto anakufa."

"Na kesho akibanwa tena, atakunywa maji? Nyakabiga hakuna chupa tangu Jumatatu. Zima, bwana."

Akazima.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi yananijia kwa sauti ya mtu mwingine. Mwanamke mmoja mkali, mjuaji, aliyesoma kemia.

Gari likashuka. Watu walikuwa wametupa mawe barabarani usiku, sijui akina nani, na mume wangu akakanyaga breki kulikwepa la kwanza. Akakanyaga tena kwenye la pili. Kwenye la tatu nilisikia mguu wake unagonga, siyo unabonyea, unagonga. Akatia gia, akaachia klachi ili injini iwake, gari likaruka, likakohoa, halikuwaka. Akavuta breki ya mkono, tairi la nyuma likalia, nasi tayari tuko kwenye kona, bariyeri ipo mbele, na askari wamesimama wote wanatutazama sisi tunaokuja kimya kwenye barabara ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuipita asubuhi hiyo.

Palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa. Kila mtu alisimama pale. Sisi tukalipita.

Mmoja akapaza sauti kwa Kirundi, simama. Mume wangu alikuwa anasimama kwa mwili wake wote. Nilimwona mgongo umenyooka kwenye kiti, miguu yote miwili kwenye breki. Risasi zikapiga, kioo cha mbele kikageuka cheupe. Nilimlalia mtoto. Gari likaenda likagonga pipa, likatulia.

Askari aliyefungua mlango wangu alikuwa mtu mzima, na mvi kidogo pembeni mwa masikio. Akanitazama, akamtazama mtoto mwenye midomo ya zambarau, kisha akamtazama mume wangu. Bunduki ilikuwa bado mkononi.

"Kwa nini mulikuja kimya?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nilimwinamisha mtoto mbele tena. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Mama, kwa nini mulikuja kimya?"

Wakamsogeza mume wangu upande wa pili. Askari yule akakaa mahali pake, akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja. Akalikimbiza hadi hospitali, gia ya pili, mguu chini kabisa, injini inapiga mayowe. Mtoto alikuwa anavuta hewa kama mtu anayenyonya kitu kigumu kwenye mrija. Kichwa cha mume wangu kilikuwa kinacheza kila kona. Nami nikasema. Sikuwaza, nilisema kwa mdomo huu:

"Ingiza gia ya tatu. Unamaliza esansi."

Askari aliniangalia kwenye kioo. Sijui aliona nini. Hakuingiza gia ya tatu.

Mtoto alipata oksijeni. Mume wangu walimteremsha mlango mwingine.

Msibani watu walisema ni vita. Mama mkwe alisema ni vita, padri alisema ni vita, majirani walikaa kwenye mikeka wakasema nchi hii jamani. Nilitaka kuwafukuza wote. Kila aliyesema vita alikuwa ananifunika blanketi nisiloliomba. Hakuna aliyeuliza kwa nini gari lilikuja kimya, kwa sababu wote walikuwa wa Musaga na wote walijua. Wanaume waliokuja kuzika walizima magari yao kwenye mteremko uleule wakienda makaburini. Niliwasikia. Nilikuwa ndani ya gari mojawapo.

Baada ya msiba nilikwenda Buyenzi. Fundi alikuwa ameweka kioo kingine na kuosha viti mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aviguse. Akanipa pole. Nikamuuliza kitu kimoja.

"Mteremko ule, injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa, inakula kiasi gani?"

"Usiniulize ile."

"Nakuuliza."

"Mama, kaa chini nikupe chai."

"Sitaki chai. Kiasi gani?"

Alikuwa na kikombe chake pale juu ya boneti. Akakitazama, akatazama chini. "Hiki," akasema. "Na hakijai."

Nilirudi kwa miguu nikapita Kinindo, kwa makusudi, ni mzunguko mkubwa. Huko Jumapili mume wangu alikuwa ananifundisha kuendesha, kwenye barabara tambarare za watu wenye amani. Magari ya mashirika yalikuwa nje ya mageti, yananguruma, baridi imefunguliwa ndani, dereva amelala, wanasubiri mzungu amalize kula. Nilihesabu moja, mawili, nikaacha. Nilimgongea dereva mmoja kioo. Akakishusha.

"Zima," nikamwambia.

"We nani?"

Nikaondoka. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua iende kwa nani, ikawa inarudi.

Gari sikuliuza. Shemeji yangu alilitaka alifanyie teksi, nikamwambia akiligusa nitamng'ata. Mshale ulibaki karibu na robo. Jirani mmoja alikuja kuomba lita mbili za pikipiki, nikamfungia mlango. Watu walisema nimeharibika kichwa, naitunza esansi kama maiti. Waache. Walikuwa na vifua vizuri, wao na watoto wao.

Mvua zilipoanza, mtoto akabanwa tena, asubuhi, kama mara ile. Nilimfunga kwenye kiti cha mbele kwa kitenge, nikawasha, nikaondoka. Sikuwa nimewahi kuendesha peke yangu nje ya Kinindo. Kwenye mteremko mkono wangu haukugusa ufunguo. Niliteremka gia ya pili injini ikilia, na pale nilipoona ukimya unaweza kuingia, nilikanyaga klachi na kupandisha injini bure, kwa makusudi, nikichoma esansi mbele ya Mungu. Basi moja likanipita kimya, abiria wakanishangaa.

Kwenye bariyeri askari walinisikia kutoka mbali. Mti wa kufungia njia ulikuwa umeinuliwa kabla sijafika. Yule mwenye mvi alikuwepo. Alisimama wima nilipopita. Sikumtazama zaidi ya hapo, na sikumshukuru.

Hospitali nikaacha gari mlangoni, nikakimbia na mtoto. Wakamfunika uso kwa kile kifuniko cha plastiki, nikakaa pembeni ya kitanda, nikashika mguu wake. Muda ukapita. Mlinzi wa getini akaja, kofia mkononi.

"Mama, ile gari nyeupe ni yako? Inanguruma tangu zamani. Inakula esansi bure."

"Najua."

"Twende uizime, basi."

"Mi siwezi."

Akili yangu ilijua kwamba mshale unashuka, kwamba ile ilikuwa pumzi ya mtoto ya juma lijalo inayoungua pale nje, na mwili ulikataa kuinuka. Akaniambia basi ataizima yeye, funguo atamwachia nesi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Nilimsikia akitembea kwenye kokoto, akifungua mlango. Injini ikakata. Nilijikuta nimeingiza vidole chini ya plastiki, mbele ya mdomo wa mwanangu, navisubiri vipate joto. Vikapata. Nikangoja pumzi nyingine.