Joto la Jumapili

Kwa miaka minane Walburga Aigner alikuwa na miadi mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Miadi hiyo ilikuwa na kipimajoto, mrija mwembamba wa zebaki uliotundikwa kwenye ukuta wa kaskazini wa nyumba ya paroko. Chama cha wanazuoni cha mjini kiligawa vipimajoto kwa mapadre na watawa kote Bavaria, ili joto lisomwe kila mahali saa zilezile. Hiki kilipokelewa na kaka yake, Padre Korbinian. Kaka akasaini, dada akasoma.

"Andika unachokiona," padre alimwambia siku ya kwanza. "Kufikiri niachie mimi."

Basi padre akafikiri. Baada ya miaka saba na ushee ya kufikiri, akagundua kwamba Jumapili saa nane mchana kijiji chao huwa na joto kuliko siku nyingine yoyote, hata theluji ikiwa magotini. Akaandika kurasa kumi na mbili juu ya neema ya Siku ya Bwana na athari yake kwa zebaki, akazituma mjini.

Jibu lilikuja limevaa buti za matope: Daktari Lindpaintner wa chama.

"Kipimajoto chenu kinasema uongo," alisema mezani, huku akimega mkate. "Nakihamishia parokia ya jirani."

Walburga alibaki ameshika upawa wa supu hewani. Hakuwa ameolewa, wala hakuwahi kufika mbali kupita mnada wa ng'ombe. Lakini kila aliposimama pale ukutani alijua kuna mtu mwingine, kwenye mlima asioujua, amesimama vilevile dakika ileile. Wakikichukua, saa nane itakuwa saa nane tu.

"Hakisemi uongo, Daktari."

"Walburga!" padre alimkanya.

"Mwache aseme, Baba Paroko. Kumbe ni nini, Mama?"

Akamtazama kaka yake, akazikumbuka zile kurasa kumi na mbili.

"Ni bia."

Ikabidi aeleze. Wanaume wakitoka misa huenda kilabuni. Karibu na saa nane hupitia ukutani na kushindana kukipulizia kipimajoto. Anayepandisha zebaki zaidi hubebwa mabegani mpaka kisimani.

"Bingwa ni Leonhard mhunzi. Baba Paroko saa hizo huwa amelala."

"Na wewe unaona, unaandika tu?" padre alifoka, masikio mekundu.

"Uliniambia niandike ninachokiona, kaka. Kufikiri nilikuachia wewe."

Daktari alikohoa ndani ya leso. "Hata hivyo, Mama, Jumapili zenu zote zimeharibika."

Walburga akaenda jikoni, akarudi na rundo la kalenda zilizonuka vitunguu. Kwenye kila Jumapili alikuwa ameandika kipimo cha robo saa kabla wanaume hawajafika, na pembeni yake jina la mshindi.

Daktari alisoma kimya, kidole kikishuka ukurasa baada ya ukurasa, mpaka supu ikapoa. "Leonhard tena," alinong'ona. "Leonhard tena!" Mwisho akafungua mkoba, akazitoa zile kurasa kumi na mbili, akazilaza mezani kifudifudi mbele ya padre.

"Kipimajoto kibaki. Wekeni uzio."

Jumapili iliyofuata wanaume waliukuta uzio, wakanung'unika wee, wakaenda zao. Walburga alipomaliza kusoma, akamwona kaka yake amesimama nyuma yake, hajalala.

"Huyo Leonhard hupandisha digrii ngapi?"

"Kumi."

Padre akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia ndani ya uzio, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nne," alisema Walburga.

"Hiyo usiiandike, dada yangu."

Alikuwa ameshachovya kalamu.