Mgongo Wangu Siku ya Idi

Laiti ningalikataa kumshusha mdogo wangu mgongoni siku ile ya Idi. Nilimkumbuka juzi, pale Kiembe Samaki, basi jipya lilipoteremsha ubao wake wa kupandia na msichana aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu akapanda, nguo zake zikinukia udi.

Siku ile mdogo wangu naye alinukia udi. Miguu yake haikuwa na nguvu, kwa hiyo nilimbeba hadi kituoni tupande gari la abiria litokalo shamba, twende mjini kwenye sikukuu. Utingo akanicheka mlangoni: "We bwana, gunia la mhogo hilo? Magunia juu!"

Gari zima likaangua kicheko.

"Mwache, utampeleka kesho," akasema rafiki yangu, keshakaa.

Nikamkalisha kwenye baraza ya duka. "Kesho, wallahi," nikamwambia.

"Haya, kaka," akajibu, akilinyoosha gauni lake jipya magotini. Nikapanda gari, nikamwacha.

Mwenye duka ndiye aliyemrudisha nyumbani. Asubuhi yake nilichutama mbele yake apande. Akanipita akitambaa.

Tuliishi nyumba moja mpaka alipofariki. Hakupanda tena mgongoni mwangu, wala hakuniomba kitu. Nilimpoteza ndugu yangu wa pekee akiwa hai.