Sauti ya Kaka Yangu Kwenye Simu ya Yule Binti

Admin, ficha jina na picha, tena usiweke hata herufi ya kwanza, maana Waswahili wa Dubai tunajuana mpaka rangi za mapazia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mombasa, nimeachika, sina mtoto, naishi Al Twar. Kazi yangu ni ukalimani. Mtu wa kwetu asiyejua Kiarabu akifikishwa mbele ya mwendesha mashtaka au hakimu, mimi ndiye mdomo wake. Naandika haya nimesimama jikoni kwa sababu kukaa siwezi. Wiki nzima nafua nguo safi na kusugua sufuria zinazong'aa.

Kwanza mjue kazi hii inavyokwenda. Sisi hatusemi "anasema kwamba". Mtu akisema "mimi nimepigwa", na mimi nasema kwa Kiarabu "mimi nimepigwa". Nimeshakuwa mlinzi aliyenyimwa likizo, nimeshakuwa mlevi, nimeshakuwa mwizi wa manukato, yote hayo na hijabu yangu kichwani. Nikitoka nje naacha ya watu palepale, napitia sokoni kununua samaki. Najisifu kidogo, nisameheni, lakini kazi naijua.

Mwanzoni mwa wiki hii niliitwa kwa binti mmoja Mkenya, mtu wa bara, bado mdogo ukimtazama. Alikuwa ametoroka nyumba alimokuwa akifanya kazi, akakamatwa, maana huku kumtoroka mwajiri ni kosa. Akaeleza kwamba aliahidiwa kazi ya hoteli Al Barsha, alipofika akakabidhiwa kwa madam mmoja, pasipoti ikachukuliwa, akawa anafungiwa ndani. Wakala aliyemleta hamjui jina wala sura. Alichonacho ni sauti zake tu alizokuwa akimtumia kwenye simu. Mwendesha mashtaka akasema wazi, nami nikamfasiria: sauti hizo zikionyesha alidanganywa, atarudishwa kwao kama mtu aliyedhulumiwa. Zisipoonyesha, kesi ya kutoroka inamgeukia yeye.

Simu ikabonyezwa. Sauti ikasema: "Usiogope, mamangu. Dubai kwangu ni nyumbani. Halafu dada yangu ni mkalimani wa mahakama hukuhuku. Likitokea lolote, yeye atakusemea."

Jamani, ile sauti ni ya kaka yangu. Sisemi inafanana. Ni yeye, na kikohozi chake kilekile cha vumbi la bizari, maana ana duka la viungo Al Ras. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, ndiye aliyenisomesha Kiarabu, ndiye aliyenileta mji huu. Siku naondoka, mimi pia alinipigia akaniambia "usiogope, mamangu".

Nikafasiri. Nikasema kwa Kiarabu, kwa mdomo wangu huu, "dada yangu ni mkalimani wa mahakama". Mwendesha mashtaka akaniambia nimuulize binti kama huyo dada anamjua. Nikamuuliza. Akanitazama machoni, akajibu, "Hapana. Ningemjua ningemtafuta anisaidie." Na hilo pia nikalifasiri.

Muda ukaisha, tukaambiwa turudi Jumatatu kumalizia sauti zilizobaki. Pale mlangoni binti akanishika mkono. "Auntie, please, Monday ukuje wewe. Yule mkalimani wa kwanza alikuwa ananikatakata maneno." Nikaitikia kwa kichwa tu, nikashuka ngazi mbio kama niliyeiba.

Ijumaa kaka akaja kwangu kula biriani kama kawaida yake. Najua ya kazini hayatoki nje, lakini nilishindwa. Nikamuuliza kabla hajanawa. Hakukana hata kidogo!

"Sasa mimi nimeua mtu? Natafutia watu kazi. Kafeel wake, huyo madam aliyemwajiri, akiwa mbaya, mimi naingiaje hapo?"

"Umenitaja mimi, kaka."

Akacheka. "Si ni kweli? Najivunia wewe, mdogo wangu. Kila ninayemleta namwambia."

Kila anayemleta! Alipoona sicheki naye akaacha kucheka. "Basi Jumatatu sema sauti hazisikiki vizuri, khalas. Mle ndani nani mwingine anajua Kiswahili? Au unataka mama asikie nimefungwa, tena kwa mdomo wako?" Kisha akala, akasifu nyama imeiva, akaondoka.

Leo mama kanipigia kutoka Mombasa. Kaka keshamlalamikia kwamba nimemkunjia uso, na mama ananiambia nimwombe radhi, kwani ndiye baba yangu sasa. Nilimpenda kaka huyu kuliko mtu yeyote duniani, na bado nampenda. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Nimezunguka kila upande. Kujitoa kwenye kesi kwa sababu ya udugu inaruhusiwa, lakini lazima nieleze sababu, na sababu ni jina lake. Nikisingizia ugonjwa, ataletwa yule wa kwanza anayekatakata maneno. Nikisema sauti hazisikiki, nimevunja kiapo, na binti wa watu anabaki ndani. Nikifasiri neno kwa neno, namsaidia mwendesha mashtaka kumsaka ndugu yangu, halafu naenda kumpikia Ijumaa.

Najua wengine mtaniambia ndugu ni ndugu, na wengine mtanitukana mimi pamoja naye. Andikeni yote, nitasoma, usingizi wenyewe sina. Ila kabla hamjaandika, mfikirieni yule binti. Aliahidiwa kwamba akipata shida kuna dada atamsemea. Dada mwenyewe ndiye mimi, nilikaa naye meza moja, na mpaka sasa hajui. Jumatatu nikifungua mdomo, ndugu zangu, nimsemee nani?