Mjukuu Aliyefurahi Kufukuzwa Shule

Mjukuu wangu alipofukuzwa shule hakulia. Alifurahi, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kosa lake lilikuwa la nywele. Mimi nina saluni Al Muraqqabat, hapa Dubai, nimeianzisha kwa mikono hii na elimu yangu ya darasa la tatu, na mtoto yule amekulia humo. Siku hiyo alichukua gundi yetu ya kubandikia nywele za bandia, akaenda nayo shule, akajifungia chooni na mwenzake wa darasani, mtoto wa Kimisri mwenye nywele laini zilizofika kiunoni, akampamba kwa kumbandika nywele za bandia. Gundi ile si ya nywele kama zile, na kwa maji haitoki. Jioni mama wa yule mtoto alishika mkasi wa jikoni, akazikata. Asubuhi yake alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kufika mchana, mjukuu wangu alikuwa amerudishwa nyumbani, akae huko mpaka kamati iamue kama atarudi au ndiyo basi tena.

Jamani, walimfukuza mmoja tukafukuzwa wote. Binti yangu, mama yake, alikuwa akifanya kazi hotelini. Kumwacha mtoto peke yake nyumbani kwao, kule Discovery Gardens, hawezi, kwa hiyo kila siku akamwomba msimamizi ambadilishie zamu, mpaka msimamizi akawa akimwona anakata kona. Mkwe wangu aliacha kwenda kutazama mpira na wenzake, maana wenzake ni wababa, na wababa huulizana habari za shule. Shule nyingine nazo, ukienda kuuliza nafasi katikati ya mwaka, zinataka kwanza kujua umetokaje ile ya mwanzo. Mwishowe binti yangu akaanza kusema mtoto apelekwe Tanga kwa shangazi yake. Alisema hivyo huku anafua sare ya shule ambayo hakuna aliyeivaa.

Nikasema, "Mlete saluni kwanza. Tanga haihami."

Akaja. Alifagia, aliosha vichwa, alichambua rasta, na mdomo haukufunga. Wateja wangu wengi ni wasichana wa Kenya, walinzi na wahudumu, na walimpenda. Mmoja wao, mlinzi mrefu kama mlango, aliniambia, "Shosho, huyu ana mkono mwepesi. Wacha shule ikae huko."

"Mimi si shosho wako wala bibi yako," nikamjibu, "na kichwa chako bado nusu. Tulia."

Mtoto akadakia, "Lakini ni kweli, Bibi. Mimi sirudi. Wewe hukusoma, na una saluni."

Siwezi kuwadanganya, nilivimba kichwa kidogo. Halafu nikamgeuzia kiti.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Hapa nimefika kwa miguu yangu, sikubebwa na mtu. Lakini mkaguzi wa baladia akiingia na karatasi zake za manispaa, nampigia nani simu aje asome?"

"Mama."

"Na wewe utampigia nani?"

"Wewe."

"Mimi nitakuwa kaburini, nimepumzika na kelele zako."

Wakacheka wote, na yeye akacheka, lakini ufagio aliuweka chini.

Kwetu, mtoto akimkosea mtu, wakubwa hubeba sinia wakaenda kwa aliyekosewa. Hawaanzi na kosa. Husalimia, huulizana hali, huketi, ndipo neno linatoka. Binti yangu alinikatalia. "Mama, huku hakuna mambo hayo. Kuna kamati."

"Kamati haikukatwa nywele," nikamwambia.

Nikapika visheti, nikapanga kwenye sinia, nikafunika kawa. Mimi na mjukuu tukavuka kwa abra, mashua ya abiria, hadi Bur Dubai kwa kina yule mtoto wa Kimisri, sinia pajani, abiria wote wakininusa mimi. Mlango ulipofunguliwa nikaanza salamu kama inavyotakiwa, kwa taratibu, hali yako, hali ya watoto, hali ya nyumba. Mama wa Kimisri akainua kawa, akasema "Hatimaye!", akapokea sinia, akasema shukran, akafunga mlango. Kumbe alikuwa na wageni njiani na chakula alichoagiza kimechelewa.

Tukabaki koridoni mikono mitupu. Mjukuu alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Bibi, umeshapata kazi!"

Nikagonga tena. Kwa Kiarabu changu cha sokoni nikasema, "Madam, mimi si wa chakula. Mimi ni bibi yake yule wa gundi."

Alinitazama, akamtazama mtoto. Alikuwa na kisheti mdomoni. Utamfukuzaje mtu huku unatafuna chake? Akatupisha tukaingia.

Binti yake akaja sebuleni amejifunika kofia ya sweta. Mama akaivuta. Upande mmoja nywele zilikomea sikioni, upande wa pili begani. "Amekataa kwenda shule tangu siku ile," mama akasema. "Anasema watamcheka."

Mjukuu wangu, aliyekuwa bado ana machozi ya kicheko, aliyafuta kwa kiganja. Hakujua kwamba walio nje ya shule ni wawili.

Mkasi wangu siuachi nyumbani. Nikamketisha yule mtoto, nikamsawazisha, na mjukuu wangu akashika kioo. Nilimsikia anasema polepole, "Samahani. Nilitaka upendeze."

"Nilikuomba mwenyewe," mwenzake akajibu.

Mama wa Kimisri akaacha kutafuna. "Ulimwomba?" Hilo hakuwahi kuambiwa. Akapiga makofi mara moja. "Khalas, yamekwisha! Mimi nitazungumza na shule. Lakini Jumatatu huyu wako awe getini, kwa sababu wangu haingii peke yake."

Kamati ilikaa, na nasikia mama wa Kimisri alisema kuliko wanakamati wote. Mtoto akarudishwa kwa onyo, na mkoba wake ukawa unakaguliwa kila asubuhi.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe. Mwenzake alikuwa getini, nywele fupi, hana kofia. Wakashikana mikono. Wangu akageuka akapiga kelele, "Bibi, usimpe mtu kiti changu!"

"Kiti changu hicho!" nikamjibu.

Nilipofungua saluni, yule mlinzi mrefu alikuwa mlangoni ananisubiri. "Shosho, fundi wako yuko wapi leo?"

"Yuko shule," nikasema, kwa sauti, na duka la jirani lisikie.