Gemu la Zamani Halina Sauti

Nimeshona nguo za watu miaka arobaini na moja, na gauni langu halijawahi kurudishwa eti halikumkaa mtu. Natanguliza hilo ili anayesoma ajue mapema kwamba mimi si wa kushindwa ovyo.

Gemu lilinipata nilipoteguka mguu. Nilikatazwa kukanyaga cherehani kwa muda, na kukaa bure kwangu ni ugonjwa wa pili. Binti yangu kitinda mimba, msusi mwenye saluni chumba cha mbele, akaniwekea kwenye runinga gemu lake la safari: unaongoza mtu, anapita miji, anapigana na majitu, anaokota wenzake njiani. Siku ya kwanza nilimwambia aniondolee upuuzi huo. Siku ya tatu nilimfokea mteja wake aliyesimama mbele ya runinga.

Lilikuwa gemu jipya. Watu wake wanasema kwa sauti, na mshale mwekundu unakuonyesha pa kwenda. Nilimpenda mmoja, mama mhunzi wa mikuki, mdomo kama pilipili. Kila ukitajwa mji wa mlimani, anatema mate. Nililimaliza gemu zima bila kujua kwa nini.

"Kisa chake kimo kwenye lile la kwanza," binti akasema. "Ila la kizamani kweli, mama. Hutaliweza."

Hapo alikosea.

"Lilete."

Akalileta. Watu vichwa vikubwa, miguu kama vifungo vya shati. Tena kimya! Muziki tu, na chini kisanduku cha maandishi. Nikakitazama, nacho kikanitazama.

Sasa niseme. Shule niliiachia darasa la pili. Namba nazijua kuliko karani yeyote, lakini maneno nayasoma kama mtu anayevuka matope. Wanangu hawakujua. Barua za shule niliwaambia wanisomee wao, "nisikie kama mnasoma kweli." Wamekua, wameoa, wameolewa, siri haijatoka. Sikutaka initokee kwa ajili ya watu wenye miguu ya vifungo.

Basi nikawa nabonyeza. Kisanduku kikija, nabonyeza kipite. Wakiuliza swali, majibu ni mawili. Nachagua la juu, twende. Siku nne mambo yakanyooka. Nikampata mhunzi wangu, bado msichana, tukaandamana. Siku ya tano, kwenye lango la mji wa mlimani, mlinzi akauliza kitu. Nikabonyeza la juu. Lango likafunguka, tukaingia, nikigeuka mhunzi hayupo.

Nikamtafuta asubuhi nzima. Binti akaja kuchukua chanuo.

"Mama, yule dada yuko wapi?"

"Gemu lenyewe bovu."

"Mlinzi alikuuliza nini?"

"Mambo yake."

Akanipokonya kile kishikio chenye vitufe, akarudi kwa mlinzi, akamsoma: "'Mwenzenu mliyenipa ili mpite, simrudishi.' Mama! Umemtoa mwenzako mwenyewe?" Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Hukusoma?"

"Nimesoma."

"Haya, hapa pameandikwa nini?"

"Miwani yangu..."

"Umeivaa, mama."

Kicheko kikamkauka. Nikaona anavyozirudia zile barua kichwani, moja baada ya nyingine. Masikio yakaniwaka moto. Mteja wake akaita kutoka saluni, kichwa kimesukwa nusu.

"Nitakuwa nakusomea," akasema taratibu.

"Hunisomei. Nenda kamalizie kichwa cha watu."

Akaenda. Nikabaki na mlinzi, na nikaona jambo ambalo papara yangu ilikuwa imenificha: kile kisanduku hakiondoki. Gemu jipya linasema linapita, ukikosa umekosa. Hili linakungoja mpaka ubonyeze. Mwalimu wangu wa darasa la pili hakumngoja mtu.

Nikavuta kiti karibu, nikaanza upya, neno kwa neno. Zile siku tano zikawa wiki tatu. Mji wa kwanza peke yake ulinila siku mbili. Kumbe nusu ya watu wake walikuwa wananielekeza njia, mimi nikiwapita kama nguzo za umeme. Mguu ukapona. Nikawa nashona asubuhi, nasoma mchana.

Langoni nilisoma swali lote, mara mbili: "Utaniachia huyu ili upite?" Nikachagua la chini. Tukapigana na walinzi, tukachubuka, tukapita wote. Mbele kidogo mhunzi akasimama, kisanduku kikaja, nikaanza kukisoma kwa sauti. Watu wa mji ule walimfungia mama yake nje ya lango siku ya vita, yeye yumo ndani, mtoto, anamsikia mama anavyogonga.

Nyuma yangu nikasikia harufu ya mafuta ya nywele. Binti alikuwa amesimama mlangoni, hanisahihishi. Nikaendelea mpaka neno moja refu likanikwama. Nikalijaribu mwanzo, nikalijaribu katikati, likagoma. Kitufe kilikuwa chini ya kidole gumba, kubonyeza tu lipite.

"Wewe," nikasema bila kugeuka. "Njoo. Hili linasemaje?"

Akainama begani kwangu. "'Hamkunitelekeza.'"

"Hamkunitelekeza," nikarudia, nikiliangalia kila kipande. "Haya, sasa nyamaza. Yaliyobaki nayasoma mwenyewe."

Akavuta kigoda, akakaa.